Kuna mtu amesoma Lefkoşa? Ajenti anasema dogo ataishi kaskazini na kufanya kazi kusini, ni kweli?

DadaMkubwa_Moro

Habari za jioni wakuu. Naomba mawazo yenu maana nyumbani hapa hatulali.

Mdogo wangu wa mwisho alimaliza form six mwaka jana, akakaa tu nyumbani, mara mama akaletewa ajenti na rafiki yake wa kanisani, ajenti akamtafutia dogo chuo Saiprasi na barua ya kukubaliwa ikaja ndani ya siku nne. Siku nne wakuu, mimi chuo cha hapa hapa nilisubiri mpaka nikakata tamaa. Barua inasema mji ni Lefkoşa. Ada sio mbaya, na amepewa "skolashipu" ya nusu ada ambayo nikiangalia naona karibu kila mwombaji anapewa, sasa sijui hiyo bei kamili huwa analipa nani.

Kinachonisumbua ni maelezo ya ajenti. Anasema kisiwa ni nchi moja ila imegawanyika, kaskazini Waturuki kusini Wagiriki, kusini ni EU na wanatumia euro. Dogo ataishi kaskazini ambako maisha ni rahisi, halafu Ijumaa jioni anavuka kwa miguu kwenda kupiga kazi hotelini kusini, Jumapili usiku anarudi kulala chuoni. "Ni kama kupanda pantoni kwenda Kigamboni tu mama", ndio maneno yake mwenyewe. Mama ameshauza kiwanja kichwani, kwenye karatasi bado namshukuru Mungu.

Nimeingia kwenye ramani nikaona kweli kuna mji mmoja una mstari katikati na mtaa umekatwa vipande viwili. Kuna mtu ameishi huko? Mpaka wenyewe unavukwaje kwa mtu mwenye pasipoti ya Tanzania? Na kwanini tiketi inapitia Uturuki kama nchi ni ya EU? Natanguliza shukrani, matusi mtumieni ajenti.

---

WaMagetini254

Dada pole sana. Mimi ajenti wa Nairobi aliniambia kitu hicho hicho neno kwa neno, ila mfano wake ulikuwa feri ya Likoni. Naona wote wanasoma kitabu kimoja.

Nimeishi Lefkoşa Februari 2018 mpaka Juni 2022. Rumu yangu ya mwisho ilikuwa dakika kumi kwa miguu kutoka geti la kuvukia kusini, na upande wa pili sijaukanyaga hata siku moja. Hata kwa bahati mbaya.

Iko hivi. Dogo atatua Ercan, ndio uwanja wa ndege wa kaskazini. Sasa serikali ya kusini ndiyo inayotambuliwa na dunia nzima kasoro Uturuki, na kisheria kisiwa chote ni chake, hata hiyo rumu yangu ya kupanga ilikuwa kwenye nchi yao. Kwao Ercan sio mlango halali wa kuingia nchini. Ukitua pale umeingia nyumbani kwa watu kwa dirisha. Mwenye pasipoti ya EU wanamwachia apite, sisi wa pasipoti zetu tunarudishwa. Watu wanadhani anayekuzuia ni Mturuki, hapana, polisi wa kaskazini anakuangalia tu anakupungia mkono, anayekurudisha ni wa kusini.

Nilijaribu mara moja kama muhula wa kwanza haujaisha, nikiwa na beshte yangu Mnigeria na Mjerumani mmoja aliyekuja kwa programu ya kubadilishana wanafunzi. Geti la katikati ya mji linaitwa Lokmacı, liko mtaa wa maduka, watalii wanapita na aiskrimu mkononi kama hawaoni kitu. Unapita kibanda cha kaskazini, unatembea hatua chache kwenye kichochoro chenye vyungu vya maua na mabango ya UN, unafika kibanda cha kusini. Mjerumani alitoa kitambulisho, sio hata pasipoti, dakika moja kashapita. Mimi askari akafungua pasipoti, akaona kibali cha mwanafunzi wa kaskazini, akasema neno moja tu, "Ercan", akanirudishia. Hakunitukana wala hakupaza sauti, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi, maana ilionekana siku ile nilikuwa kama mtu wa ishirini. Mjerumani akaenda akazunguka, baada ya saa moja akarudi na suvlaki tatu, mishikaki ya Kigiriki, kwenye mfuko tukala tumekaa kwenye ngazi za duka upande wetu. Ilikuwa tamu sitadanganya.

Kwahiyo wikiendi hotelini kusini asahau kabisa. Na hiyo "maisha rahisi" ipigieni hesabu vizuri. Chuo kinataka ada kwa euro. Mwenye nyumba anataka kodi kwa pauni ya Uingereza, ndio, pauni, wengi wanataka miezi sita kwa mkupuo. Ila ukipata kazi ya kuosha vyombo unalipwa lira ya Kituruki. Nilipofika euro moja ilikuwa lira 4 na kitu, naondoka ilikuwa imepita 17. Mshahara wangu kwenye karatasi ulikuwa unapanda kila mwaka, na kila mwaka nilikuwa nakula vibaya kuliko mwaka uliopita.

Mengine atayazoea. Kuna kitu watu hawakuambii, pale nchi nzima kaskazini haina anwani yake ya posta duniani, mama yangu akitaka kunitumia kifurushi ilibidi aandike Mersin 10, Turkey, maana barua zote zinapitia mji wa Mersin bara Uturuki. Mara ya kwanza aliandika Cyprus tu bila Mersin na ule mfuko wa majani chai mpaka leo hatujui uliishia kwa nani. Simu nayo, ukiwa mji wa kale inajikamatia mtandao wa kusini yenyewe, usipoangalia bando inaenda. Jioni unasikia adhana na kengele za kanisa kwa pamoja, zote za mji mmoja. Wenyeji geti wanaliita kapı, yaani mlango, "unaenda mlangoni leo?" Jirani yangu, abi (yaani kaka kwa Kituruki) mmoja fundi bomba, alikuwa anapita huo mlango kila asubuhi saa kumi na mbili kwenda kujenga nyumba za Wagiriki, analipwa euro, jioni yuko nyumbani. Hiyo stori ya ajenti ni ya kweli kabisa, ila ni ya huyu abi. Yeye ni mzaliwa wa pale na ana pasipoti ya kusini, ya EU, kama Waturuki wengi wa kisiwani. Ajenti amechukua maisha ya fundi bomba akamuuzia mdogo wako.

---

MzeeWaRamani

Nimjibu dada swali la tiketi, mengine mmeshayamaliza.

Kwanza kwa Kiswahili ni Kupro, na wanaosoma Biblia ni kile Kipro alikotoka Barnaba. Kilikuwa koloni la Mwingereza mpaka 16 Agosti 1960, ndio maana mpaka leo pande zote mbili gari zinapita kushoto kama kwetu. Wagiriki wengi, Waturuki wachache, katiba ya kugawana vyeo, ikavunjika baada ya miaka mitatu na kidogo. Desemba 1963 watu wakaanza kuuana Nicosia (ndio hiyo hiyo Lefkoşa, Waturuki ndio wanaiita hivyo), jenerali wa Kiingereza anaitwa Peter Young akachukua penseli ya kijani akachora mstari kwenye ramani kutenganisha mitaa, ndio maana mpaka leo unaitwa Mstari wa Kijani. Walinzi wa UN wakaja Machi 1964 kwa muda mfupi, mpaka leo wapo.

Huo ulikuwa mstari wa ndani ya mji tu. Mgawanyiko wa kisiwa chote ni 1974. Tarehe 15 Julai wanajeshi waliotumwa na utawala wa kijeshi wa Athens wakampindua rais Makarios, wakitaka kisiwa kiungane na Ugiriki, na siku tano baadaye jeshi la Uturuki likashuka pwani ya kaskazini. Lilipositisha mwezi Agosti lilikuwa limeshika zaidi ya theluthi ya kisiwa. Wagiriki wakakimbilia kusini, Waturuki wakahamia kaskazini, kila mmoja akaingia kwenye nyumba ya mwenzake. Tarehe 15 Novemba 1983 kaskazini wakajitangazia jamhuri, Uturuki ikaitambua, na imebaki peke yake.

Sasa tiketi: kwa kuwa hakuna nchi nyingine inayoitambua, ndege haiwezi kutoka Dar wala London ikatua Ercan moja kwa moja, lazima iguse Uturuki kwanza. Na kusini kuingia EU tarehe 1 Mei 2004 kwenye karatasi kisiwa chote kiliingia, ila sheria za EU zimesimamishwa kaskazini mpaka siku watakapoelewana. Wiki moja kabla walipiga kura ya kuungana, mpango wa Kofi Annan wa UN, Waturuki asilimia 65 wakasema ndiyo, Wagiriki asilimia 76 wakasema hapana. Kwahiyo ajenti akisema "ni EU" hajadanganya kwenye karatasi. Amedanganya kwenye maisha.

Ukanda wa kati, ule wa walinzi wa UN, una urefu wa kilomita 180 hivi, kuna sehemu ni zaidi ya kilomita saba, na ndani ya Nicosia kuna mahali ni mita tatu na kidogo, mtu anaweza kumrushia mwenzake chumvi. Kuanzia 1974 ulifungwa kabisa kwa watu wa kawaida, mpaka tarehe 23 Aprili 2003 kaskazini walipofungua ghafla. Watu walipanga foleni kutwa kwenda kuona nyumba zao. Lokmacı aliyoitaja kijana ilifunguliwa 2008.

Na kitu kimoja nakipenda sana kuhusu huo mji: hata miaka ile ya kufungwa kabisa maji taka hayakugawanyika. Mameya wawili, Lellos Demetriades wa kusini na Mustafa Akıncı wa kaskazini, mwishoni mwa miaka ya 1970 walikaa wakakubaliana mabomba yawe mamoja, maana mteremko unaelekea kaskazini na choo hakijui siasa. Mpaka leo ya pande zote mbili yanaenda kusafishwa mahali pamoja, upande wa kaskazini.

---

ShangaziWaTanga

Mzee wa Ramani umenifanya nicheke na hayo maji taka, ni kweli kabisa na kila mtu hapa anaijua hiyo stori.

Mwanangu Dada wa Moro mimi niko upande wa pili, kusini, Nicosia hii hii, nimeolewa hapa. Nina kibali cha mkaazi kwa ajili ya mume, nilitua Larnaca, uwanja wa ndege wa kusini, kwahiyo kwangu mimi geti linafunguka kwenda na kurudi. Nakueleza ili uone tofauti inatoka wapi, sio ya rangi wala ya elimu, ni ya uwanja wa ndege uliotua na karatasi uliyotua nayo.

Sisi wenye gari tunapita geti la Agios Dometios, wenzetu wanapaita Metehan. Gari la kusini bima yake haifanyi kazi kule, unasimama kibandani unakata bima yao ya siku chache au ya mwezi. Halafu foleni. Lira ikishuka tu kusini nzima inahamia kule kujaza mafuta, Jumamosi unaweza kuzeeka pale, ila petroli inalipa usumbufu. Kurudi ndio forodha wanakuchungulia. Sigara mwisho arobaini, vitu vyako vyote visizidi euro 260, nyama na jibini marufuku. Kuna siku nilisahau kipande cha helimi kwenye mkoba, ile jibini ya kukaanga, Wagiriki wanaiita halumi, Waturuki helimi, wote wanaitengeneza vile vile na wote watakuapia ni yao. Ikabaki mezani kwa afisa. Alikuwa na aibu kuliko mimi.

Kitu kilichonichanganya zaidi ni msimu wa baridi wa 2016 kuamkia 2017, nilikuwa bado mgeni. Uturuki iligoma kurudisha saa nyuma na kaskazini wakafuata, kusini tukarudisha. Basi mji mmoja ukawa na saa mbili. Nikimwambia rafiki yangu tuonane saa nne kahawani upande wa pili ananiuliza saa nne ya nani. Nikamwambia mume wangu sisi Waswahili hatuna shida, tumezaliwa na saa mbili, ya Kizungu na ya Kiswahili, nyie ndio mtateseka. Mwaka uliofuata wakaacha.

Ila msidhani kila anayeruhusiwa anavuka. Mama mkwe wangu ni mtu wa Kyrenia, Girne kwa Kituruki, alikimbia Julai 1974 akiwa binti wa miaka kumi na tisa na nguo alizovaa. Mpaka leo hajavuka. Geti lilipofunguliwa 2003 dada zake walienda, yeye akasema sionyeshi pasipoti ili niende nyumbani kwangu. Wa rika lake wanaosema hivyo ni wengi. Usiku kutoka kibarazani kwake unaona mlimani ile bendera kubwa ya kaskazini iliyochorwa kwenye mawe, inawashwa taa, anaipa mgongo kiti chake miaka yote.

Mwaka juzi akaniambia wewe si unaenda kujaza mafuta, nenda ukanipigie video. Nikaenda, anwani hana, ana maelezo tu, kanisa, kisima, kona, nyumba ya pili. Nikaipata. Chini ni kinyozi, juu anakaa mama mmoja ambaye wazazi wake nao walitoka Paphos, kusini, 1975, wakapewa nyumba hiyo. Nikaogopa kumweleza, nikamweleza. Akanipandisha juu, akanipa kahawa, akanifungulia kila chumba nipige video, hata kabati. Akaniuliza na mimi, unaweza kunipigia ya Paphos? Nikampigia mwezi uliofuata, pale sasa ni maegesho ya magari, sikujua niseme nini nikamtumia tu.

Nilipomwonyesha mama mkwe nilikaa na leso tayari. Akaangalia yote kimya, akarudisha nyuma mahali fulani, akakuza picha kwa vidole, akasema: "Mfereji wa bati bado unavuja pale pale. Nilimwambia baba." Akaenda kuzima jiko.

Samahani nimetoka nje ya mada. Dogo akitaka huku kusini aombe chuo cha kusini, apate visa, atue Larnaca. Ni ghali na visa inabana. Ila akishaingia hivyo anaweza kwenda kaskazini kutembea na kurudi, maana kusini hawahesabu kuwa umetoka nchini. Kinyume chake haiwezekani.

---

Mjanja_Flani

Mnamtisha dada wa watu bure. Kilomita 180 zote hizo ukuta upo wapi? Watu wanavuka porini kila siku, afike tu kaskazini, akae muhula mmoja, avuke, ajilipue, yaani aombe ukimbizi, maisha yaendelee. Ajenti hawezi kusema hivyo mbele ya mama ndio maana anasema pantoni.

---

WaMagetini254

@Mjanja_Flani wewe umewahi kufika ama unaongea ukiwa umelala? Nawajua waliofanya hivyo, wanne, kwa majina. Mmoja alivunjika mguu usiku kwenye mtaro. Mwaka 2024 kuna watu walivuka wakaishia kwenye ukanda wa UN katikati, kusini hawakuwapokea, kaskazini hawataki kurudi, wakakaa kwenye mahema joto lote la kiangazi na watoto. Joto la pale unalijua? Agosti inapita nyuzi 40. Usimpe mtu ushauri ambao wewe hautalipia.

---

MutuWaGoma

Jambo ba ndugu. Miye niko wa Goma, munisamehe Kiswahili yetu.

Kwetu tuko na baryeri mbili, kubwa na kidogo, ya kuenda Gisenyi, Rwanda. Mbele ya hii vita bamama walikuwa banavukaka asubui na nyanya na kitunguu, mangaribi banarudia, na jetoni tu, pasipoti ya nini. Na ile iko inchi mbili za kweli kweli. Sasa huko munasema iko inchi moja na bantu habapite. Miye ile inanishindaka kuelewa.

Ile ya kuvuka pori, mudogo wangu aliifanya. Alienda na karatasi ya masomo sawa vile huyu kijana, masomo ikamushinda feza, akavuka usiku. Banamupeleka ku kampi ya bakimbizi ya Pournara, kule kusini, kisha akatoka, sasa iko mwaka ya tatu anangoya jibu. Hawezi kurudia kaskazini, hawezi kuenda mbele Ulaya, hata kwetu hawezi. Ananiambiaka: yaya, niko ku kisiwa ndani ya kisiwa. Ye mwenyewe anakubali masomo ingekuwa na feza ya kutosha angemaliza na kurudia na diploma. Ile tu.

---

DadaMkubwa_Moro

Wakuu nimesoma yote, nimemsomea na mama kwa sauti, sehemu ya mama mkwe na mfereji alinyamaza muda mrefu halafu akauliza huyo Shangazi ni wa Tanga sehemu gani.

Jana jioni nimempigia ajenti, nikaweka spika mama asikie. Nikamuuliza maswali matatu tu niliyookota hapa. Dogo anatua uwanja gani? Akasema Ercan. Kusini wanautambua Ercan? Akasema "hayo ni mambo ya siasa dada, sisi tunafanya elimu". Nikamuuliza nitajie Mtanzania mmoja uliyempeleka wewe ambaye anavuka Ijumaa kwenda kazini, nipe namba yake nimpigie. Mtandao ukaanza kusumbua. Baada ya kama nusu saa akatuma voisi ya dakika sita, ndani yake hakuna namba hata moja ila kuna punguzo la ada ya ajenti kama tukilipa dipoziti kabla ya tarehe ishirini.

Mama akaniuliza tu: "Kwahiyo hata kwenye hiyo pantoni kuna polisi?" Nikamwambia ndio mama. Kiwanja kimepona kwa sasa.

Ila sasa kuna jambo jipya. Dogo mwenyewe anasema hata bila hiyo kazi ya kusini anataka kwenda, kozi ni uhandisi wa ujenzi na ameipenda, anasema akasome amalize arudi. Baba anaegemea kwake. @WaMagetini254 wewe ulimaliza, ungerudi nyuma ungeenda tena? Na tuangalie nini?

---

WaMagetini254

Swali gumu hilo dada. Ningeenda, ila ningeenda nikijua. Nilimaliza, na cheti changu nilikifuatilia kutambuliwa huku kwetu kwa jasho kidogo, kwahiyo nyie kabla ya kulipa chochote andikieni TCU, ile Tume ya Vyuo Vikuu ya kwenu, na jina la chuo na la kozi, vyuo vya kule ni vingi kuliko mahitaji, vingine vizuri vingine ni jengo na bango. Hesabu ya pesa ifanyeni ya miaka yote minne kama vile hatapata kazi kabisa. Akipata, vizuri, ila awe na kibali cha kazi, bila hicho mwenye mgahawa anaweza kukuzungusha mshahara na huna pa kushtaki. Mimi nilizungushwa miezi miwili na sikuipata mpaka leo. Kibali cha mwanafunzi kisipitwe na tarehe hata kidogo, faini inahesabiwa kwa siku na watakudai siku ya kuondoka ukiwa uwanjani na begi. Na pasipoti ailinde kama roho, akiipoteza kaskazini hakuna ubalozi, inabidi mshughulike na Ankara, na Ankara ni ng'ambo ya bahari.

Kingine hicho kidogo lakini kitamsaidia: asikae karibu na geti kama nilivyokaa mimi. Kodi ni ndogo mji wa kale na panapendeza, ila kila jioni unaona watu wanapita. Akae karibu na chuo.

---

ShangaziWaTanga

Mwambie mama mimi ni wa Pangani, sio Tanga mjini, jina tu nimejipa.

Na huyo kijana akifika aniandikie hapa. Siwezi kumvusha ila mimi naweza kwenda. Jumamosi nikijaza mafuta nitampitishia unga na dagaa, tutakutana Büyük Han, ni karavanserai, nyumba ya zamani ya kulaza wasafiri, upande wa kaskazini, ina kahawa na kivuli.

---

DadaMkubwa_Moro

Shangazi umemliza mama, wallahi.

TCU tunaandika Jumatatu. Dogo yuko hapa pembeni yangu anasoma, anauliza swali moja tu kati ya yote hayo: chaja za simu zinaingia kwenye plagi za kule au anunue adapta?

---

WaMagetini254

Zinaingia, ni pini tatu zile zile za kwetu. Alete koti, nyumba za kule hazina joto na Januari atalala na soksi.